Hodi ya Sura ya Nne

Kitabu chenyewe Rogathe alipewa na Ummy wa steshenari, pale Same mjini, siku aliyoteremka kununua viroba vya kutilia tangawizi. Alikuwa amesimama nje ya duka, maana ndani kuna kaunta na mashine ya fotokopi, na kati ya hivyo viwili umebaki upenyo ambao hata Ummy, mwembamba kama fimbo ya mchungaji, huupita kwa ubavu. Ummy akamwona, akainama chini ya kaunta, akatoka na kitabu amekiinua juu kama mtu aliyeokota kitambulisho cha mwenzake.

"Roga, nimekuona humu."

"Wapi?"

"Humu. Ukurasa wa kwanza tu. Soma."

Akasoma palepale juani. Sharifa alikuwa mwanamke mnene, kitabu kilisema, na hakuwahi kuingia mlango wowote bila kuupima kwanza kwa macho.

Rogathe akainua uso, akautazama mlango wa steshenari. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha tumboni, hata abiria wa basi lililosimama ng'ambo ya barabara wakageuka kutafuta kilichotokea.

"Nani kaandika?"

"Simjui. Chukua, ukimaliza utanirudishia. Mimi nilifika katikati nikaacha."

"Kwa nini?"

Ummy akabinua midomo. "Wewe soma. Labda mimi tu si mtu wa mapenzi."

Tangu akiwa sekondari Rogathe alikuwa amesoma hadithi za mapenzi zaidi ya alizoweza kukumbuka. Wanawake wa mle ndani walikuwa na viuno vya nyigu na shingo za kuhesabika pingili, na yeye alijifunza mapema namna ya kuishi nao. Aliingia kwenye hadithi kama mtu anavyoingia nyumba ya watu, akavua viatu mlangoni. Yeye alivua mwili. Aliuacha nje, akaingia mwepesi, akapendwa, akalia, akaolewa, na kitabu kilipokwisha alitoka akaukuta palepale ukimngoja. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba kuna siku ataambiwa apite nao.

Bodaboda ya kumrudisha nyumbani ilikuwa ya kijana wa palepale kijijini. Barabara ya mlimani ina kona ambazo abiria yeyote huteremshwa, pikipiki ikapanda peke yake ikilia. Rogathe aliteremshwa kwenye hizo na kwenye nyingine pia.

"Dada, shuka kidogo tumalize hii."

"Hii si tambarare?"

"Ni tambarare inayopanda."

Siku nyingine angepanda zile kona akiitazama ardhi, akihema na kujifanya anatazama mandhari. Siku hiyo, kila aliposhuka, alifungua kitabu akasoma akitembea. Sharifa naye alikuwa ameshushwa kwenye bajaji.

*

Msimu wa tangawizi, wanawake wa kule juu huosha kwa pamoja. Leo ya huyu, kesho ya yule, kama kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ya kuzibua ndiva, lile bwawa la maji ya zamu walilochimba mababu, ila huu wa tangawizi haupuliziwi pembe na hakuna anayetozwa faini asipokuja. Hukaa kando ya mfereji, chini kidogo ya ndiva, wamechuchumaa na mabeseni yao, wakivunja vidole vya tangawizi na kuvisugua udongo hadi ngozi ing'ae.

Misimu kadhaa nyuma magoti ya Rogathe yalikataa. Alichuchumaa asubuhi, na mchana alipotaka kuinuka hakuweza. Dorkas na wenzake walimvuta mikono huku wakicheka, naye akacheka kuliko wote, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kufanya: kuwahi kujicheka. Siku ya pili alikuta kiti chini ya mparachichi, kiti cha mbao chenye mgongo mpana, kimetoka nyumbani kwa Bibi Raheli.

"Wewe tusomee," Dorkas alimwambia. "Una sauti ya kanisani."

Ni kweli. Jumapili ndiye aliyesoma masomo, na hata watoto walinyamaza. Basi tangu siku ile fungu lake la tangawizi hugawanywa kwa wengine, naye hukaa kwenye kiti akisoma, magazeti, vijitabu vya dini, hadithi, chochote kilichopanda mlima. Hakujua kama kile kiti alipewa kwa ajili ya sauti yake au kwa ajili ya magoti yake. Hakuuliza. Jibu lingeweza kuwa lolote, na kiti kingebaki kilekile.

"Leo kuna nini?" Dorkas aliuliza, mikono iko majini. "Kama ni lile gazeti, linanuka samaki."

"Leo kuna mtu."

"Mwanaume?"

"Mwanamke. Mnene."

Wakanyamaza kidogo, ule unyamavu wa adabu ambao Rogathe aliujua kama anavyoijua harufu ya jiko lake.

"Mnene wa wapi?" Dorkas akauliza.

"Wa kitabuni."

"Wa kitabuni hawapo."

"Yupo. Sikilizeni."

Akawasomea. Sharifa alikuwa mpishi wa shughuli, mwenye sauti ya kuita mtaa mzima. Siku za jua alipaka poda kwenye mapaja yasichubuane. Kwenye sherehe alikalia kiti cha plastiki kikamkumbatia, na aliposimama kupokea zawadi kikasimama naye. Kwenye picha aliwekwa nyuma, kisha akaambiwa asogee pembeni, kisha mpiga picha akamwomba amshikie mkoba. Kijana mmoja alipomwita pipa, alimkimbiza na mwiko hadi msikitini, akamngoja nje kwa heshima mpaka swala iishe, ndipo akaendelea. Wanawake walicheka hata tangawizi ya Dorkas ikateremka na mfereji, akabaki anaifuata kwa macho bila nguvu za kuinuka.

Kilichomgusa Rogathe zaidi hawakukicheka. Mwandishi alisema kwamba mahali pale, unene wa mke ni sifa ya mumewe, watu husema analishwa, anatunzwa. Lakini unene wa asiyeolewa hauna mwenyewe, na kila mtu hujiona ana haki ya kuuliza umetoka wapi. Rogathe alisoma maneno hayo, akayarudia, na sauti ya kanisani ikamponyoka kidogo mwishoni.

"Huyo mwandishi," alisema Bibi Raheli taratibu, "amekaa na sisi."

Jioni, walipokuwa wanafunga viroba, Bibi Raheli alimsogelea. Alikuwa mzee wa pale mferejini, mwenye kile kiti, na tena shangazi yake Loth.

"Mwanangu, yule kijana wangu bado anangoja."

"Kijana mwenye mvi," Dorkas akadakia.

"Ni mvi za maji. Anakesha na ndiva."

Loth ndiye mgawa maji wa kijiji. Mkewe alikufa, binti yake Elinaza yuko shule ya bweni, na tangu mvua za vuli alikuwa amemtuma shangazi yake kwa Rogathe. Kabla ya hapo alikuwa amesema mwenyewe, mara moja tu, walipopishana kwenye kijia, yeye na jembe begani. Alilitazama lile jembe akasema: "Rogathe, mimi mwenzio nakupenda hivyo hivyo ulivyo." Kisha akaenda zake haraka, kama mtu aliyeacha mlango wa ndiva wazi.

Neno hilo lilikaa na Rogathe kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Hivyo hivyo. Ndivyo mtu anavyosema gulioni juu ya kikombe kilichokatika mkono: nipe hivyo hivyo, chai kitashika. Lakini Loth alikuwa ametetemeka sauti aliposema, na huwezi kumkasirikia mtu aliyetetemeka. Alitaka kufurahi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, nyumba ya marehemu wazazi wake, na jioni ndefu. Alimheshimu Loth. Alipenda namna alivyopita mashambani na viatu vyake vya mvua, akigawa maji kwa mjane na kwa mwenyekiti sawasawa. Alichokosa ni kujua kama hapo kuna pendo au kuna huruma, na hakuwahi kuonyeshwa pendo la mtu kama yeye lilivyo ili alinganishe.

"Bibi," alisema, mkono juu ya kitabu, "nikimaliza hiki nitakujibu."

Alisema kwa utani. Lakini Bibi Raheli aliwageukia wenzake. "Mmesikia?"

"Tumesikia," wakajibu.

*

Sura ya nne ilianza kwa hodi. Salehe alisimama mlangoni kwa Sharifa, mrefu, ana gari, amekuja kuagiza chakula cha harusi ya dada yake. Sharifa akafungua. Salehe akamtazama, na moyo wake, kitabu kilisema, ukamwambia asitazame mwili, atazame roho.

Rogathe alisoma hapo akasikia kitu kidogo, kama kijiwe kwenye makande. Unauma, unasita, hujui kama ni jiwe au jino lako. Akameza, akaendelea.

Sura ya tano Salehe alimnunulia magauni. Sura ya sita rafiki zake walimcheka Sharifa na Salehe akawakemea, na Sharifa, yule wa mwiko, alisimama nyuma ya mgongo wake akilia. Sura iliyofuata alifunga jiko lake, kwa kuwa Salehe hakupenda harufu ya moshi kwenye nywele. Salehe alisema, Sharifa akashukuru. Salehe alinyamaza, Sharifa akaogopa, na aliposema tena, akashukuru.

Wanawake wa mferejini walipenda sana.

"Mwanaume ndiye huyo," Dorkas alisema. "Kamtoa moshini."

"Alikuwa anaupenda moshi," alisema Rogathe.

"Nani apende moshi?"

"Sura ya pili alisema. Alisema asiposikia sufuria inachemka anajiona hayupo."

"Sura ya pili alikuwa hajapata mtu."

Wakacheka. Rogathe naye akacheka, kwa kuwahi. Kisha akasema, "Lakini mmeona? Tangu huyu bwana aje, Sharifa hajacheka hata mara moja."

Wakafikiri. Kweli, walitaka kufikiri. Hawakuwa watu wabaya.

"Ametulia," alisema Bibi Raheli. "Mwanamke akipata kwake hutulia. Soma, mwanangu, zimebaki sura ngapi?"

Kingekuwa kitabu kibaya tangu mwanzo, angekirudisha kwa Ummy na yangeisha. Lakini kiliijua poda ya mapajani. Kilikijua kiti cha plastiki. Usiku wa kwanza alilala nacho juu ya mto wa kichwa kama mtoto na mwanasesere wake. Mtu aliyejua yote yale, Rogathe aliwaza, amewezaje kufika kwenye mapenzi asijue kitu? Alijiona kama aliyealikwa karamu, baada ya miaka ya kusimama kwenye karamu za watu, akakuta safari hii wamemwekea kiti kinachomtosha kabisa, kipana, imara. Akakaa, akashukuru, akangoja. Chakula hakikuja. Na utaanzaje kulalamika njaa, wakati watu wote wanakipongeza kiti?

Jumapili, baada ya ibada, aliweka makande jikoni, akavuta kigoda, akasoma peke yake mpaka mwisho. Hakutaka kushangazwa mbele ya watu.

Mwisho ulikuwa harusi. Salehe alichukua kipaza sauti mbele ya ukumbi. "Wengi mliniuliza nimeona nini," alisema. "Ningeweza kumpata yeyote. Lakini nimempenda huyu, hivyo hivyo alivyo." Ukumbi ukasimama ukapiga makofi. Sharifa akapiga magoti, akalia, akamshukuru Mungu na akamshukuru Salehe. Hapo chini mwandishi aliandika neno mwisho, kwa herufi kubwa.

Makande yakaungua. Rogathe aliisikia harufu na hakuinuka. Maneno yaleyale. Loth alikuwa ameyasema njiani kwa aibu, na mwandishi aliyejua kila kitu, alipofika pale penyewe, alikuwa nayo hayohayo.

Alipoinuka kukwangua sufuria alikuwa ameshaamua. Macho ya kuuona ule ukurasa yalikuwa ya kwake peke yake. Kesho, akifika kwenye kipaza sauti, atamsemesha Salehe kitu kingine. Hakuna atakayejua. Itakuwa dhambi ndogo, na Sharifa atapata haki yake, na wanawake wa mferejini watasikia hata mara moja jambo lile linavyosemwa.

Akaanza kulitafuta, mwiko mkononi. "Sharifa," aliiambia sufuria, "nakupenda kwa sababu..." Kwa sababu u mpishi hodari? Hapana, hiyo ni ajira. Kwa sababu una roho nzuri? Hapana, hiyo ndiyo hupewa wanene na vilema siku zote. Kwa sababu ya huo mwili wako? Hapo alisikia uso unamwaka, akatazama mlangoni kama kuna mtu. Akaona ataacha. Kesho, mbele ya watu, neno litakuja lenyewe, kama linavyokuja kwenye sala.

*

Siku ya mwisho walikuja hata wasio na tangawizi. Walioosha waliosha polepole wasipige kelele za maji. Rogathe alisoma maandalizi, akasoma gauni, akasoma wageni. Alisoma vizuri. Akafika.

"Salehe akachukua kipaza sauti," alisoma. "Ukumbi ukanyamaza. Akasema..."

Akainua macho kutoka kwenye ukurasa. Nyuso zote zilikuwa zimemwelekea, hata ya Dorkas, mdomo wazi kidogo kama mtoto anayelishwa. Mikono ilikuwa imetulia ndani ya mabeseni. Akavuta pumzi.

"Akasema: Sharifa. Mimi nakupenda..."

Na hapo hapakuwa na kitu. Alitafuta. Alitafuta kwenye vitabu vyote alivyovisoma, akakuta mle mnapendwa viuno na shingo. Alitafuta kwenye mahubiri, na kwa mama yake, aliyempenda kwa kumwekea chakula na kumwomba asimalize. Akaenda mpaka kwenye kijia kile, kwa yule mtu na jembe lake. Lilikuwa jambo la ajabu, kuona kwa uwazi namna ile kitu kinachokosekana, ukubwa wake na mahali pake, na usiweze kukitia jina. Mfereji ulikuwa unapita. Akafungua mdomo tena, ukatoka upepo.

"Umepoteza mstari?" Dorkas akauliza kwa upole usio wake.

"Nimepoteza."

"Tafuta, mwanangu," alisema Bibi Raheli. "Hatuna haraka."

Rogathe akainamisha kichwa, akaupata mstari, ulikuwa palepale haujaenda popote, akausoma kama ulivyoandikwa. Nimempenda huyu, hivyo hivyo alivyo. Sauti ya kanisani iliubeba mstari ule vizuri kuliko ulivyostahili. Wakaguna kwa raha. Mtu akasema jamani. Bibi Raheli akafuta macho kwa pindo la kanga, akaacha tope shavuni.

"Mwisho," Rogathe akasoma, akafunga.

"Sasa," alisema Bibi Raheli. "Kitabu kimekwisha. Na umesikia mwenyewe alivyosema yule. Nimwambie nini Loth?"

Wote wakamgeukia. Hawakuwa na ubaya. Nyuso zao zilikuwa zimeshaandaa vigelegele, na hilo ndilo lilikuwa gumu.

"Niacheni nimwone mwenyewe kwanza, Bibi. Nina swali."

"Swali?" Dorkas akasema. "Kwani ni mtihani? Mwenzio angeshasema ndiyo, tukanywa soda."

*

Loth alikuwa kwenye ukingo wa ndiva, anapima maji kwa kijiti. Alipomwona Rogathe anapanda, alishuka hatua chache kumpokea, kisha akasita, hakujua ampe mkono wa kumvuta au itaonekana amemdharau. Akabaki na mkono nusu njia. Rogathe akapanda mwenyewe, akafika anahema.

"Habari za maji, Baba Elinaza?"

"Nzuri. Yanajaa polepole."

Wakayatazama. Mende wa maji walikuwa wanaandika na kufuta.

"Nimekuja kukuuliza," alisema Rogathe. "Lile neno uliloniambia. Hivyo hivyo ulivyo. Ulikuwa na maana gani?"

Loth alikigeuza kijiti mkononi. Alifikiri muda mrefu, kama afikirivyo anapoulizwa zamu ya mtu imeliwa na nani, na Rogathe akamngoja, na moyo wake, lazima isemwe, ulikuwa umesimama kama abiria aliyeona taa za basi.

"Sijui," alisema Loth. "Ndivyo watu wanavyosema. Nilipanga maneno usiku mzima, na nilipokuona yakabaki hayo."

"Yaliyopotea yalikuwa yapi?"

"Hayakuwa mazuri kuliko hayo." Akatabasamu kwa aibu, akaacha. "Nilisikia mnasoma kitabu cha mwanamke... cha habari hizi. Shangazi alinisimulia. Nikasema vizuri, Rogathe ataniambia mle wanasemaje, nami nitasema vilevile. Wanasemaje?"

Rogathe akayatazama maji.

"Wanasema hivyo hivyo."

"Ah," alisema Loth. Ilikuwa ah ya mtu aliyefika kisimani na ndoo akakuta wenzake wamekaa na ndoo tupu.

Baadaye akauliza, kwa sauti ya chini, "Wewe ungependa niseme nini?"

Aliuliza kwa kweli. Rogathe angesema neno lolote, Loth angelijifunza kwa moyo kama zaburi. Rogathe aliuona wema ule wote umesimama mbele yake na viatu vya mvua, ukingoja kuelekezwa, na yeye ndiye mwenyeji na njia haijui. Machozi yalimjia akayazuia kwa kukohoa.

"Hata mimi sina," alisema.

Zamu ya mtu ikafika. Loth akaomba radhi, akateremka, akang'oa kizibo, maji yakatoka kwa kishindo yakashuka mferejini kuelekea mashambani. Alipopanda tena walisimama wakiyasikiliza mpaka Rogathe alipoaga.

Bibi Raheli alikuwa amemngojea njiani, amekalia jiwe.

"Umemjibu?"

"Nimeshindwa, Bibi. Wala si hapana."

"Na si ndiyo?"

"Na si ndiyo."

"Alikukosea?"

"Hapana."

"Umesikia jambo baya juu yake?"

"Hapana, Bibi."

"Basi tatizo ni nini, mwanangu? Niambie nami nikamwambie."

Rogathe alifungua mdomo. Alikuwa mtu wa kusoma, watu walimsifu kwa maneno. Bibi Raheli alimngoja mpaka akachoka kungoja, akamshika mkono, wakateremka pamoja.

Siku iliyofuata waliosha tangawizi ya Dorkas. Kiti kilikuwa chini ya mparachichi kama kawaida.

"Tusomee," alisema Dorkas.

"Sina kipya."

"Basi rudia kilekile. Ile ya mwiko."

Rogathe akafungua mwanzo. Sharifa alikuwa mwanamke mnene, na hakuwahi kuingia mlango wowote bila kuupima kwanza kwa macho. Wakacheka mahali palepale. Kiti cha plastiki kikasimama naye tena, kijana akakimbizwa tena, sufuria zikachemka na Sharifa akaimba ndani ya moshi wake kwa sauti ya kuita mtaa mzima. Kwa muda aliosoma hayo Rogathe alikuwa mle ndani na mwili wake wote. Ikaisha sura ya tatu. Akafunua ukurasa, akasoma mstari mmoja: hodi, ilisema sauti mlangoni. 

"Endelea," alisema Dorkas.

Rogathe aliweka kidole kwenye ukurasa, hakukiondoa.

"Hafunguliwi?" Bibi Raheli akauliza. Hakuwa anauliza juu ya kitabu, na hakuna pale mferejini aliyedhani hivyo.

"Sijui, Bibi," alisema Rogathe. "Kweli sijui."

Wakangoja kidogo. Kisha mmoja akarudisha mikono majini, na wengine wakafuata, wakaendelea kusugua.